Bibi Wu, Mpima Viini vya Atomu

Katika mji mdogo wa Liuhe, karibu na Shanghai katika nchi ya Uchina, alizaliwa mtoto wa kike tarehe 31 Mei 1912, mwaka uleule ambao ufalme wa kale wa nchi ile ulikoma. Baba yake, Bwana Wu Zhongyi, alikuwa mtu wa fikira mpya. Siku zile wazee wengi wa Uchina waliona kwamba kumsomesha binti ni kutupa fedha, kwa kuwa kesho ataolewa na kuwafaa watu wa ukoo mwingine. Bwana Wu hakukubali. Alifungua shule ya wasichana mjini pale, naye binti yake akamwita Chien-Shiung, jina lililobeba neno la ushujaa sawasawa na majina ya nduguze wa kiume.

Shule ile ilikuwa na madarasa ya chini tu. Kwa hiyo binti alipopata miaka 11 ilimpasa kuagana na wazazi na kwenda kukaa bwenini mjini Suzhou, katika shule ya kufundishia walimu. Huko hesabu na fizikia hazikupewa nafasi kubwa. Basi aliazima vitabu vya wenzake wa mkondo mwingine, akavisoma usiku peke yake. Kutoka hapo alipanda hadi chuo kikuu cha Nanjing, akaacha hesabu na kushika fizikia, akahitimu mwaka 1934.

Mwaka 1936 alipanda meli bandarini Shanghai kwenda Marekani kuongeza elimu, kwa fedha alizosaidiwa na ami yake. Wazazi walimsindikiza hadi bandarini. Wote walidhani kwamba safari ni ya miaka michache tu. Mwaka uliofuata Wajapani waliivamia Uchina, kisha vikaja vita vya dunia, kisha mageuzi ya serikali. Na binti yule hakumwona tena baba wala mama.

Alikuwa amekusudia kusoma katika chuo kikuu cha Michigan. Lakini alipoteremka San Francisco aliitembelea Berkeley, iliyo karibu, akaona mashine ambayo Profesa Ernest Lawrence alikuwa ameibuni kwa kuvurumisha vipande vya atomu. Vilevile alisikia kwamba huko Michigan wanafunzi wa kike hawakuruhusiwa kupita mlango mkuu wa jumba la wanafunzi. Akabaki Berkeley. Mwaka 1940 alipata udaktari wa fizikia, naye mwaka 1942 akaolewa na Bwana Luke Yuan, Mchina mwenzake na mtaalamu wa fizikia kama yeye.

Sasa yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, maana jina la mtu bila kazi yake ni kama kibuyu kitupu. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini. Viini vingine havitulii. Hutupa nje chembe ndogo sana ziitwazo elektroni, na kwa kufanya hivyo hugeuka kuwa viini vya namna nyingine. Mwaka 1934 Mtaliani Enrico Fermi alikuwa ameeleza kwa hesabu ni elektroni ngapi zitoke kwa mwendo wa kasi na ngapi kwa mwendo wa pole. Lakini waliopima walikuta elektroni za pole zimezidi mno, na wengine wakaanza kuishuku hesabu ya Fermi. Bibi Wu alishuku kitu kingine: vipimo vyenyewe. Aliona kwamba tabaka la dawa lililokuwa likipimwa lilikuwa nene na lisilo sawasawa, hata elektroni zilizotoka ndani zilipoteza nguvu njiani, kama mtu apitaye katikati ya gulio lililojaa watu. Yeye akatengeneza tabaka jembamba sana na lililo sawa pande zote, akapima upya. Mwaka 1949 ilidhihirika kwamba Fermi alisema kweli. Tangu hapo wataalamu walijua kwamba namba iliyotoka mikononi mwa Bibi Wu haina haja ya kurudiwa.

Hatuwezi, hata hivyo, kupita kimya juu ya miaka ya vita. Mwaka 1944 Bibi Wu aliingia katika kazi ya siri ya Marekani ya kutengeneza bomu la atomu, katika chuo kikuu cha Columbia, New York. Mwezi wa Septemba mwaka huo tanuri kubwa la atomu la Hanford lilizimika lenyewe muda mfupi baada ya kuwashwa. Sababu yake ilikuwa hewa iitwayo zenoni, nayo ilizaliwa ndani ya tanuri lenyewe. Bibi Wu alikuwa ameichunguza hewa hiyo tangu Berkeley, na vipimo vyake vilisaidia kuthibitisha jambo hilo. Tanuri likarekebishwa. Plutoni iliyotoka Hanford ndiyo iliyotiwa katika bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, mahali palipokuwa na Wakatoliki wengi kuliko mji wowote wa Japani, na kanisa lao kuu la Urakami likabomoka pamoja na waumini waliokuwamo. Hatumhukumu Bibi Wu, ambaye nchi yake ilikuwa ikiteketezwa na majeshi ya Japani. Lakini usahihi wa kipimo hauwezi kuchagua utatumika kwa kazi gani, na ukweli huo ni mzito.

Twaja sasa mwaka 1956. Wataalamu wote waliamini kwamba maumbile hayajui kuume wala kushoto. Chukua pia ichezewayo na watoto, uizungushe mbele ya kioo: ikiwa yazunguka kuelekea kuume, ile ya kiooni yazunguka kuelekea kushoto. Ilisadikiwa kwamba lolote litendekalo huku laweza kutendeka vilevile kama lionekanavyo kiooni. Vijana wawili wa Kichina waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, ndio waliouliza kama kuna mtu aliyewahi kulipima jambo hilo katika viini vinavyotupa elektroni. Walipekua vitabu, wasione hata mmoja. Bwana Lee alikwenda ofisini kwa Bibi Wu, kwa kuwa walifundisha chuo kimoja, akamshauri juu ya jambo hilo.

Bibi Wu na mumewe walikuwa wamekwisha kukata tikiti za meli waende Ulaya na kisha Mashariki ya Mbali, mahali ambapo hawakukanyaga kwa miaka 20. Alimwomba mumewe asafiri peke yake. Aliogopa kwamba mwingine atatangulia kupima.

Alichagua madini ya kobalti ya namna itoayo elektroni. Viini vyake huzunguka kama pia, lakini kila kimoja huelekea upande wake. Ili vielekee upande mmoja ilihitajiwa sumaku pamoja na baridi kali mno, karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri, mahali ambapo baridi haiwezi kuzidi tena. Columbia haikuwa na vyombo vya namna hiyo. Akaenda kwenye ofisi ya serikali ya vipimo mjini Washington, akashirikiana na Bwana Ernest Ambler na wenzake Hayward, Hoppes na Hudson. Miezi ile yote alikuwa akipanda gari la moshi kati ya New York na Washington, huku akiendelea kufundisha darasani.

Shida zilikuwa nyingi. Mara ya kwanza ishara waliyoitafuta ilionekana kwa dakika chache tu, ikatoweka, kwa kuwa joto lilijipenyeza haraka. Ikawapasa kutengeneza kijumba cha fuwele za kuikinga kobalti. Gundi haikushika katika baridi ile, wakafunga kwa uzi mwembamba wa nailoni. Kisha wakahesabu: kama maumbile hayabagui, elektroni zitatoka kwa idadi ileile juu na chini. Hazikutoka hivyo. Nyingi zilitoka upande mmoja, na sumaku ilipogeuzwa, hesabu nayo iligeuka. Bibi Wu hakushangilia upesi. Alirudia na kurudia, akitafuta kama kosa li katika chombo, hata alfajiri ya tarehe 9 Januari 1957 waliporidhika wote. Profesa Wolfgang Pauli, mmoja wa vigogo wa elimu hii, ambaye alikuwa amesema yu tayari kuweka dau kwamba jaribio halitaonyesha kitu, alipigwa na bumbuazi.

Mwezi wa Oktoba mwaka uleule wa 1957 tuzo ya Nobel ilitolewa kwa Lee na Yang. Jina la Bibi Wu halikuwamo. Wako wasemao kwamba jaribio lilikuwa la watu watano, na tuzo haigawanywi kwa zaidi ya watatu. Sisi twaona hoja hiyo haitoshi. Swali la vijana wale lilikuwa la akili sana, lakini hadi mtu alipokesha juu ya vyombo lilibaki kuwa swali tu. Yeye mwenyewe hakugombana na mtu hadharani, aliendelea kupima.

Heshima nyingine zilimjia, na baadhi zilichelewa. Mwaka 1975 alikuwa rais wa chama cha wanafizikia wa Marekani, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Na ni mwaka huohuo tu chuo chake kilipolinganisha mshahara wake na wa wanaume wenzake. Mwaka 1978 alipewa tuzo ya Wolf, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Mwanawe wa pekee, Vincent, aliyezaliwa mwaka 1947, alikua akimngoja mama mara nyingi hadi usiku. Walakini naye akawa mwanafizikia.

Baba yake alifariki mwaka 1959 na mama mwaka 1962, yeye akiwa ng'ambo. Aliporudi Uchina mwaka 1973, baada ya miaka 37, alikuta makaburi ya wazazi yamebomolewa katika ghasia za Mapinduzi ya Utamaduni. Waziri Mkuu Zhou Enlai alimwomba radhi kwa jambo hilo.

Bibi Wu alifariki New York tarehe 16 Februari 1997. Majivu yake yalipelekwa Liuhe, yakazikwa katika uwanja wa ile shule ya wasichana iliyofunguliwa na baba yake.