Charlotte Guest

Lady Charlotte Guest (19 Mei 1812 – 15 Januari 1895) alikuwa mfasiri na mfanyabiashara kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutafsiri Mabinogion, mkusanyo wa hadithi za kale za Welisi, kwa Kiingereza.

Maisha ya awali

Alizaliwa Uffington, Lincolnshire, kwa jina la Charlotte Elizabeth Bertie. Baba yake, Earl wa Lindsey, alifariki Charlotte akiwa na miaka 6. Mama yake aliolewa tena na kasisi ambaye binti huyo hakumpenda. Alijifunza mwenyewe lugha kadhaa, zikiwemo Kiarabu na Kiajemi.

Mwaka 1833 aliolewa na John Josiah Guest, mbunge na mmiliki wa kiwanda cha chuma cha Dowlais, Welisi. Walipata watoto 10.

Mabinogion

Alipohamia Dowlais alianza kujifunza Kiwelisi. Alisaidiwa na wataalamu Wawelisi, hasa Thomas Price na John Jones (Tegid). Hadithi nyingi alizozitafsiri zilitoka katika Kitabu Chekundu cha Hergest, mswada wa Zama za Kati. Tafsiri ilitoka kwa sehemu kuanzia 1838, kisha katika juzuu 3 mwaka 1849, pamoja na maandishi ya Kiwelisi. Aliitabarukia watoto wake wawili, Ivor na Merthyr.

Kazi hiyo ilitoka wakati Kiwelisi kilipodharauliwa: ripoti ya serikali ya mwaka 1847 ilikitaja kuwa kizuizi cha maendeleo. Kwa tafsiri hiyo, wasomaji wa nje waliona kwamba lugha hiyo ilikuwa na fasihi ya kale yenye miungu, mashujaa na uchawi.

Baadhi ya wataalamu wamemkosoa kwa kulainisha au kuacha sehemu zinazohusu mapenzi. Hata jina Mabinogion, lililoenea kupitia kitabu chake, huhesabiwa kuwa limetokana na kosa la mwandishi wa mswada.

Miaka ya baadaye

Mumewe alipofariki mwaka 1852, Charlotte alisimamia kiwanda cha Dowlais kwa muda. Mwaka 1855 aliolewa na Charles Schreiber, aliyekuwa mwalimu wa mwanawe. Pamoja walisafiri Ulaya wakikusanya vyombo vya kauri, ambavyo leo vimo katika Makumbusho ya Victoria na Albert, London. Alifariki Canford, Dorset.

Urithi

Hadithi hizo ziliingia pia katika fasihi ya watoto. Mmarekani Lloyd Alexander alizitumia katika vitabu vyake vya Prydain, kuanzia 1964. Katika The Owl Service (1967), Alan Garner alisimulia vijana watatu wa malezi tofauti katika bonde la Welisi, wanaojikuta wakirudia kisa cha Blodeuwedd, mwanamke aliyeumbwa kwa maua kisha akageuzwa bundi.