Kurosawa na Msimulizi wa Filamu

Filamu ya zamani ya Kijapani kuhusu mashindano ya baiskeli ikiletwa kwenye tamasha mjini Migori au Homa Bay, baiskeli haitahitaji mkalimani. Wenyeji wa huko wanaijua kwa kubeba samaki, mahindi na abiria. Kitakachohitaji mkalimani ni maneno. Ndiyo sababu maisha ya Akira Kurosawa yanatuhusu sisi walimu.

Kurosawa alizaliwa Tokyo mwaka 1910, akiwa kitinda mimba wa watoto wanane. Alianza shule akiwa mzito wa kuelewa. Siku moja wenzake waliucheka mchoro wake, lakini mwalimu akausifu mbele ya darasa zima, na tangu hapo mtoto yule akapata moyo.

Kaka yake, Heigo, alikuwa benshi, yaani msimulizi aliyekaa kando ya kiwambo akizipa filamu bubu sauti na maelezo. Zilipokuja filamu zenye sauti, kazi hiyo ilikosa soko. Mwaka 1933 Heigo alijiua.

Mdogo wake aliingia studio mwaka 1936 na kutoa filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Rashomon ya mwaka 1950, ambamo tukio moja lasimuliwa na mashahidi wasiokubaliana, ilishinda Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1951. Mwaka 1957 aliihamishia Macbeth ya Shakespeare katika Japani ya kale. Nasi Waswahili tuliipata tamthilia hiyo kwa lugha yetu mwaka 1968, kwa kalamu ya S. S. Mushi. Wote wawili walitambua kwamba kufasiri ni kumkaribisha mgeni nyumbani na kumpa kiti.

Mwaka 1971, kazi ilipomwendea kombo, Kurosawa alijaribu kujiua, akanusurika. Filamu yake Dersu Uzala ya mwaka 1975, aliyoitengenezea Urusi ya Kisovieti, ilipata tuzo ya Oscar. Alifariki mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 88.

Kazi iliyomponyoka Heigo haikufa. Lufufu aliifanya Tanzania, na DJ Afro ameifanya Kenya, akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Wapo wasomi wanaokibeza Kiswahili hicho kwamba si sanifu. Nawaomba wasite kidogo. Mtoto wa Migori au Homa Bay azungumzaye Dholuo au Kikuria nyumbani huenda akaanza kukipenda Kiswahili katika kibanda cha video kabla ya kukipenda darasani. Usanifu tutamfundisha, kwani ndiyo kazi yetu. Lakini upendo ukishavunjwa kwa kicheko, hakuna kamusi itakayouunga. Mwalimu wa Kurosawa angaliungana na waliocheka, huenda dunia isingaliziona filamu hizo.