Munganga Semmelweis na Maji ya Kunawa Mikono

Munganga hawezi kupasua mgonjwa bila kusugua mikono kwanza, mpaka kwenye viwiko. Leo hakuna anayebishana juu ya jambo hili. Lakini zamani mutu mmoja alipata taabu kubwa juu yake, na sisi tunapenda kuwaelezea maisha yake.

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka wa 1818 katika muji wa Buda, inchi ya Hungaria. Mwaka wa 1846 alianza kusaidia profesa kwenye maternite ya Hospitali Kuu ya Vienna. Maternite ile ilikuwa na sehemu mbili: moja ya wanafunzi wa unganga, ingine ya wakunga. Kwa wanafunzi, homa ya uzazi iliua wamama wengi sana: mwezi wa Aprili 1847 walikufa 57 kati ya 312. Kwa wakunga walikufa wachache tu. Wamama walijua hiyo, wakalia wasipelekwe kule. Hebu muone, mama anaogopa munganga kuliko ugonjwa!

Mwezi wa Machi rafiki yake, profesa Kolletschka, alikatwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wanapasua maiti. Akafa. Semmelweis aliposoma namna mwili wake ulivyoharibika, akaona ni ugonjwa ule ule wa wamama. Basi akafahamu. Wanafunzi walikuwa wanatoka kwa maiti, kiisha wanaingia kupima wamama. Wakunga hawakupasua maiti. Sabuni walikuwa nayo, lakini harufu ilibaki mikononi. Tangu mwezi wa Mei akaagiza kila mutu anawe kwa maji ya kloridi ya chokaa. Mwezi wa Juni walikufa wamama 6 kati ya 268.

Mnafikiri walimshangilia? Hapana. Habari ya mikrobe ilikuwa haijajulikana, tena ni vigumu munganga kukubali kwamba mikono yake mwenyewe imeua. Mwaka wa 1849 akapoteza kazi, akarudi kwao. Hapa sisi tunaona kwamba naye alikosa: kitabu chake kilitoka mwaka wa 1861 tu, na kiisha akaandikia maprofesa barua za matukano, akiwaita wauaji. Nani atasikiliza mwenye kumtukana?

Mwaka wa 1865 akili yake iliharibika. Wakamfungia katika nyumba ya wenye wazimu kule Vienna, na baada ya majuma mawili, tarehe 13 Agosti, kidonda kilichooza kikamuua. Siku moja mbele, katika muji wa Glasgow, munganga Joseph Lister alifunga mguu uliovunjika wa kijana wa miaka 11 kwa kitambaa chenye dawa ya karboliki. Kidonda kile hakikuoza.