Allison: Mwana wa Gilgil aliyefumbua fumbo la selimundu

UKITOKA Kawangware na kuifuata Barabara ya Naivasha hadi Uthiru, utafika katika taasisi ya utafiti wa mifugo ambayo zamani iliitwa ILRAD. Mwaka 1978 ilipata mkurugenzi mpya, Dkt Anthony Allison, ambaye alikuwa ameshajipatia sifa kwa kujibu swali gumu: kwa nini jeni ya selimundu, inayowaua watoto kabla hawajapata kuzaa, haijatoweka?

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Gilgil. Alisoma Witwatersrand, kisha Oxford. Mwaka 1949 alirejea na msafara wa Oxford uliokuja Mlima Kenya, akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu hawakufika mmoja kati ya mia. Maeneo hayo ya joto ndiyo makao ya malaria.

Mwaka 1953 alirudi kuthibitisha. Wanaume 30 wa jamii ya Waluo, waliojitolea, waliambukizwa malaria makusudi. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni hiyo, 14 walionekana na vimelea. Kati ya 15 waliokuwa nayo, wawili tu. (Leo kamati za maadili zingeliwekea jaribio hilo vikwazo vikali, na ni haki.) Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: anayerithi jeni moja hukingwa, anayerithi mbili huugua.

Kiini cha kasoro kilionekana mwaka 1957, Vernon Ingram alipobaini kwamba katika hemoglobini ya mgonjwa, asidi-amino moja tu, glutamiki, imebadilishwa na valini. Wasafirishaji wa asidi-amino ni molekuli ndogo za RNA, mfano wa mahamali wa sokoni. Kila hamali hupakiwa na kimeng'enya mzigo wa aina moja, na mwilini mwake ana herufi tatu za kulinganisha na agizo la jeni. Zikioana, hushusha mzigo. Hamali hahoji agizo. Penye GAG huja wa glutamiki. Herufi moja ikigeuka ikawa GUG, huja wa valini, naye ametimiza kazi yake barabara. Lakini valini huzifanya hemoglobini zigandamane oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu hujipinda kama mundu.

Kibera na Kawangware zina familia nyingi zenye asili ya Nyanza na Magharibi, na huko habari hii si ya vitabuni. Wazazi wawili wenye jeni mojamoja wanaweza kuwa wazima kabisa, na kila mimba yao ikawa na uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu huwajulisha mapema.

Baadaye Allison alihamia California. Yeye na mkewe, Elsie Eugui, walitengeneza mikofenolati, dawa inayouzuia mwili kuikataa figo ya kupandikizwa. Alifariki mwaka 2014.