Kiichiro Toyoda: Kabla ya kulipia vya ziada, kumbuka gari dogo lililoshindwa na barabara

BUJUMBURA – Anayenunua gari dogo jipya mjini Bujumbura, awe amelipata kwa wakala au ameliagiza mwenyewe kupitia bandari ya Dar es Salaam, huwekewa mezani karatasi yenye bei ya gari lenyewe na, chini yake, orodha ndefu ya vya ziada. Kiyoyozi, vioo vya umeme, rimu za aloi, taa za ukungu, kamera ya kurudi nyuma, redio yenye skrini, keria ya juu. Kila kimoja kina bei yake. Na kwa kuwa ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hukokotolewa juu ya bei ya gari pamoja na nauli na bima, kila kilichofungwa kiwandani hulipiwa mara mbili: kwanza kwa muuzaji, kisha kwa forodha.

Wengi huchagua kwa macho. Lakini aliyeanzisha kampuni ambayo magari yake yamejaa mitaa ya mji huu, yale ambayo wakazi huyaita Ti pamoja na Probox za kubebea abiria na mizigo, alihangaika na swali hilo hilo karibu miaka 20, akiwa upande wa pili wa meza. Alikuwa akijiuliza gari dogo liwekewe nini na liachwe bila nini. Jibu lilimgharimu sana, na wafanyabiashara wachache wanaoendesha magari yake wanalijua jina lake.

Kiichiro Toyoda alizaliwa mwaka 1894 katika mkoa wa Shizuoka, Japani. Baba yake, Sakichi, alikuwa seremala aliyegeuka mvumbuzi wa mashine za kufuma nguo. Mashine yake mashuhuri ilikuwa na sifa moja ambayo kila fundi ataithamini: uzi ukikatika, mashine husimama yenyewe badala ya kuendelea kuharibu kitambaa. Kiichiro alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu mwaka 1920 na kuingia katika biashara ya familia.

Mwaka 1929 familia iliuza hakimiliki ya mashine hiyo kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000. Kiichiro mwenyewe ndiye aliyesafiri kwa ajili ya mazungumzo hayo, akapitia Marekani na Ulaya. Huko aliona barabara zilizojaa magari na viwanda vinavyoyatema kwa maelfu. Sakichi alifariki mwaka 1930, na kwa mtoto wake nguo hazikuwa tena kazi ya maisha.

Alianza kwa kificho kidogo. Katika kona ya kiwanda cha mashine za kufuma alifungua injini ndogo ya kuendeshea baiskeli, akaichora kipande kwa kipande na kuitengeneza upya. Mwaka 1933 idara ya magari ikafunguliwa rasmi, na gari la Chevrolet likanunuliwa ili lifumuliwe lote. Wakati huo Ford alikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama tangu 1925, na General Motors Osaka tangu 1927. Soko la Japani lilikuwa lao. Ndugu na wakurugenzi wengi waliona Kiichiro anachoma mali ya familia. Na kweli aliichoma: mamia ya bloku za injini zilitoka kwenye kalibu zikiwa na nyufa, zikatupwa kuyeyushwa tena.

Hapa ndipo alipofanya uamuzi ambao kila mwenye gari pande za Maziwa Makuu anaweza kuuelewa bila kuelezwa mara mbili. Injini yake ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1934, aliifuatisha ile ya Chevrolet. Chasi ya lori lake aliifuatisha ile ya Ford, kwa sababu ilisifika kwa ugumu. Hakuwa mtu aliyekosa mawazo yake. Alijua kwamba mtu wa kwanza kununua gari lake atakwama mahali fulani mbali na kiwanda, na dukani atakuta vipuri vya Ford na vya Chevrolet tu. Gari likikubali vipuri hivyo, linatengenezeka. Lisipokubali, ni chuma chakavu. Kabla hajauza hata gari moja alikuwa tayari ameuliza swali ambalo mnunuzi wa leo husahau kuliuliza mbele ya orodha ya vya ziada: hiki kikiharibika, nani atakitengeneza?

Gari la kwanza la majaribio, A1, lilitoka mwaka 1935 likiwa na bodi ya mviringo kwa mtindo mpya wa Chrysler. Lakini lililowahi sokoni lilikuwa lori, G1, lililoonyeshwa Tokyo Novemba mwaka huo. Lilipokuwa likipelekwa kwenye maonyesho hayo, kifaa cha usukani kilikatika njiani. Baada ya mauzo kuanza, malori yalikwama kila upande, na magazeti hayakukosa la kuandika. Kiichiro hakujificha. Alikwenda mwenyewe palipokuwa na lori bovu, akaingia chini yake na nguo zake za kazi, akaangalia kilichovunjika, na kiwanda kikabadilisha kifaa bila malipo. Bei ya lori ilikuwa chini ya ile ya Wamarekani, tena wakati gharama za kulitengeneza zilikuwa juu. Kila hitilafu iliyorekodiwa iliingia kwenye mchoro wa lori lililofuata.

Kampuni ya magari ilisajiliwa mwaka 1937 kwa jina la Toyota, si Toyoda. Jina jipya lilitokana na shindano la wananchi, na kwa maandishi ya Kijapani huandikwa kwa mikwaruzo minane, hesabu inayopendwa huko. Mwaka 1938 kiwanda kikubwa kikafunguliwa Koromo, mji ambao baadaye ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota. Humo Kiichiro alisisitiza kila kifaa kifike pale kinapohitajika, kwa idadi inayohitajika na kwa wakati wake, kisirundikwe ghalani. Utaratibu huo leo hufundishwa katika vyuo vya biashara dunia nzima.

Vita vilipokuja, serikali ilitaka malori tu. Kadiri chuma kilivyoadimika, lori liliendelea kuvuliwa. Kufikia miaka ya mwisho ya vita, lori la Toyota aina ya KC lilitoka kiwandani likiwa na kabini ya mbao, taa moja tu ya mbele, na breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Kwenye vita mtu hachagui. Lakini lori hilo linaonyesha wazi mstari ulipo: taa na breki hazikuwa anasa hata pale zilipoondolewa.

Amani iliporejea mwaka 1945, Kiichiro alirudi kwenye ndoto aliyoanza nayo, gari dogo la mtu wa kawaida. Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani waliruhusu utengenezaji wa magari madogo machache mwaka 1947, na mwaka huo huo likatoka Toyopet SA. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 995 na nguvu ya farasi 27. Kila kitu kingine kilikuwa cha kisasa: chasi ya uti mmoja katikati, springi za kujitegemea kwa kila gurudumu, bodi laini yenye umbo la kupendeza. Mwaka 1948 gari hilo lilishindanishwa na treni ya haraka kutoka Nagoya hadi Osaka, na likaitangulia.

Sokoni lilianguka. Hadi utengenezaji wake uliposimama mwaka 1952 yalikuwa yametoka magari yanayozidi 200 kidogo tu. Katika Japani iliyobomolewa na vita, waliokuwa na uwezo wa kununua gari dogo hawakuwa familia za kawaida, walikuwa wenye teksi. Na wenye teksi waliliangalia SA wakatikisa kichwa. Lilikuwa na milango miwili, na abiria wa teksi hataki kukunjwa kama godoro ili afike kiti cha nyuma. Zile springi za kujitegemea, fahari ya wahandisi, hazikuhimili mashimo ya barabara zisizo na lami. Gari lilikuwa limejaa vya ziada, ila vyote vilikuwa vile alivyovipenda mjenzi.

Wakati huo huo kiwandani kulikuwa na lori dogo, SB, lenye injini ile ile ya SA. Chini lilikuwa la kizamani kabisa: chasi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani. Hilo liliuzwa kwa maelfu. Kuna waliolinunua, wakaling'oa bodi ya mizigo na kulivalisha bodi ya teksi yenye milango minne. Kampuni ikaelewa, na mwaka 1949 ikatoa gari la abiria SD lililojengwa juu ya chasi hiyo ya lori. Halikuwa gari la kumshangaza mhandisi yeyote. Lilikuwa gari ambalo dereva wa teksi angeweza kulilipia deni lake.

Kiichiro hakupata muda wa kufurahia funzo hilo. Mwaka 1949 serikali ya Japani, kwa masharti ya Wamarekani, ilibana mikopo ili kuzima mfumuko wa bei. Wanunuzi waliochukua magari kwa mkopo walishindwa kulipa, na kampuni ikakaribia kufilisika. Benki zilikubali kuiokoa kwa sharti la kupunguza wafanyakazi. Kiichiro alikuwa ameahidi kwamba hatamfukuza mtu. Mgomo wa miezi miwili ukafuata. Juni 1950 wafanyakazi wengi waliondoka, na yeye akajiuzulu pamoja nao, akijitwika lawama. Wiki hiyo hiyo angeweza kubishana, kwa kuwa deni halikuwa lake peke yake. Hakubishana.

Ubaya wa bahati ni kwamba mwezi huo huo vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori kutoka Toyota. Kampuni ikapona kwa oda hizo, bila yeye. Alikuwa amekubali kurudi kwenye uongozi alipofariki Machi 27, 1952, akiwa na umri wa miaka 57. Magari madogo aliyoacha barabarani yalikuwa machache kuliko yale yanayoegeshwa leo katika mitaa michache ya Buyenzi.

Baada yake, kampuni ilikosea upande wa pili. Mwaka 1961 ilitoa Publica, gari dogo la bei nafuu lililovuliwa karibu kila kitu. Watu hawakulichangamkia. Mtu aliyejinyima miaka kadhaa ili anunue gari hataki kila jirani ajue kwamba amenunua la chini kabisa. Mwaka 1963 likatoka toleo lenye redio, kipasha joto na viti vinavyolala, na mauzo yakapanda. Kutokana na makosa hayo mawili, la SA na la Publica, likazaliwa Corolla mwaka 1966. Wajenzi wake walichagua vichache vya kumpendeza mnunuzi na kuongeza ukubwa wa injini kidogo kuwazidi Nissan, huku sehemu za chini wakiziacha ngumu na rahisi kutengenezeka. Ti za Bujumbura zinatoka katika ukoo huo, na Probox iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 ni binamu wa karibu. Baadhi ya Probox hadi leo hufungua vioo kwa kuzungushwa mkono, na mafundi wa Buyenzi hawalalamiki hata kidogo.

Kwa mnunuzi wa mji huu, orodha ya vya ziada husomeka vizuri zaidi akiwa ameikunjua juu ya ramani. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye joto, lakini barabara ya kwenda bara hupanda hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, penye ukungu, malori yanayonguruma na waendesha baiskeli wanaoteremka na mizigo ya ndizi. Huko taa za ukungu na breki za kuzuia magurudumu kujifunga zina thamani kuliko rimu za aloi. Upande wa Gatumba, kuelekea mpaka wa Kongo, maji ya Rusizi yamefunika barabara mara nyingi tangu 2020, kwa hiyo springi ndefu na bati la kukinga injini chini hujilipa zenyewe. Burundi huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yatokayo Japani yana usukani kulia vilevile, na dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele mpaka gari zima limetoka. Kwake yeye kioo kizuri cha pembeni si mapambo.

Kiyoyozi kinabishaniwa. Joto la mjini linakidai, ila kinakula mafuta, na uhaba wa mafuta umewatesa wenye magari wa Burundi kwa miaka ya karibuni. Wenye teksi wengi hukiacha kimezimwa. Keria, maturubai ya viti na redio hupatikana mjini na kufungwa na fundi kwa bei ya mjini, bila kuongeza thamani inayotozwa forodha. Mifuko ya hewa na breki za kisasa haziongezwi Buyenzi. Hizo ama zimetoka na gari kiwandani, ama hazipo.