Ernst Alexanderson: Mhamiaji aliyeipa redio sauti

Kutoka hapa Märsta, treni ya kaskazini inakufikisha Uppsala, na ya kusini Stockholm. Katika mji wa kwanza alizaliwa Ernst Alexanderson, Januari 25, 1878. Katika wa pili alisomea uhandisi, chuo cha KTH, akahitimu mwaka 1900. Baada ya masomo zaidi Berlin alihamia Marekani, na mwaka 1902 akaajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Schenectady.

Enzi hizo mitambo isiyo na waya ilitumia cheche za umeme. Ilifaa kwa alama za Morse, lakini sauti ya mtu haikubebeka vizuri. Mvumbuzi Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, aliomba jenereta ya kutoa mawimbi yasiyokatika, mizunguko 100,000 kwa sekunde. Wengi walidhani haiwezekani. Alexanderson aliikabidhi mwaka 1906, na Fessenden akaitumia kurusha sauti hewani.

Mwaka 1923 yalimfika makubwa. Mwanawe Verner, wa miaka sita, alitekwa nyara. Kituo cha redio cha WGY, Schenectady, kikatangaza habari hizo. Msikilizaji mmoja akamtambua mtoto, na akapatikana salama. Redio aliyoihangaikia baba ndiyo iliyomrudishia mwanawe.

Huku nyumbani, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeifunza Sweden hatari ya kutegemea nyaya za baharini za mataifa mengine, wakati maelfu ya raia wake walikwishahamia Marekani. Ikajengwa stesheni ya Grimeton, karibu na Varberg, kwa mitambo ya Alexanderson na minara sita ya mita 127. Mfalme Gustaf wa Tano aliizindua Julai 2, 1925. Mtoto aliyeondoka akawa ameiunganisha nchi yake na ndugu zake wa ng'ambo.

Alifariki Mei 14, 1975, akiwa na miaka 97 na hataza zaidi ya 300. Grimeton iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004. Kwa kawaida mtambo wake huwashwa kila mwaka katika siku yenye jina la Alexanderson, karibu na mwanzo wa Julai, na asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Wanaredio wa ridhaa wa nchi nyingi huusikiliza kwa alama SAQ, kilohezi 17.2, kisha hutuma taarifa za walivyousikia. Nawe msomaji unaweza kujaribu: antena ya koili ya waya na kompyuta yenye kadi ya sauti vyaweza kutosha.