Antonio Vivaldi: Mwalimu wa Fidla wa Watoto Walioachwa

Safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri mara hii inakwenda Italia. Wengi wenu mnaijua fidla kwa ajili ya taarab. Ukisikiliza nyimbo za zamani za Zanzibar, fidla ndizo zile zinazolia pamoja na udi na ganuni. Leo tunamtazama mtu aliyeipiga fidla miaka 300 iliyopita katika mji wa Venice. Aliwafundisha watoto waliokuwa hawana mama wala baba, akawa na jina kubwa Ulaya nzima, akafa ugenini bila mali, akasahaulika kwa karibu miaka 200, kisha akarudi. Huenda muziki wake mmeshausikia bila kujua ni wa nani, dukani, kwenye tangazo la biashara au kwenye simu mkisubiri kuunganishwa na ofisi fulani.

Mtoto wa kinyozi

Antonio Vivaldi alizaliwa tarehe 4 Machi 1678. Mkunga aliyemzalisha alimbatiza palepale nyumbani, kwa sababu ilionekana maisha yake yamo hatarini. Kanisani alipelekwa baada ya miezi miwili, alipokuwa amepata nguvu. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaielewa haraka ya mkunga yule. Ukimwona mtoto anavuta pumzi kwa shida, hungoji kesho.

Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa kinyozi aliyependa fidla mpaka ikawa ndiyo kazi yake. Mwaka 1685 aliajiriwa kupiga fidla katika kanisa kubwa la Mtakatifu Marko. Yeye ndiye aliyemfundisha Antonio. Familia haikuwa na fedha, na kwa mtoto mwenye akili upadri ulikuwa njia ya kupata elimu na heshima. Antonio alianza masomo ya upadri akiwa na miaka 15, na Machi 1703 akapadirishwa, akiwa na miaka 25. Kwa kuwa nywele zake zilikuwa nyekundu, watu wa mji wakamwita Padri Mwekundu. Jina hilo halikumtoka maisha yake yote.

Lakini baada ya muda mfupi aliacha kusoma misa. Mwenyewe alieleza, miaka mingi baadaye, kwamba tangu kuzaliwa alikuwa na ugonjwa wa kubanwa kifua, na kwamba mara kadhaa ilimbidi aondoke altareni kabla ya kumaliza. Wengi leo wanadhani ilikuwa pumu. Walikuwapo waliomsengenya. Iweje mtu asiyeweza kusimama kwa misa moja aweze kusafiri miji mingi na kuendesha opera? Mimi nisingekuwa mwepesi wa kumhukumu. Nimewahudumia wagonjwa wa pumu wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuwa mzima asubuhi akacheka na kupanda ngazi, na usiku akakaa kitandani akiitafuta hewa. Tena moshi wa mishumaa na ubani si rafiki wa kifua kibovu.

Nyumba ya Pietà

Mwaka huohuo aliopadirishwa, Septemba 1703, alipata kazi ya kufundisha fidla kwa mshahara wa dukati 60 kwa mwaka. Mahali penyewe paliitwa Ospedale della Pietà. Neno lile la kwanza linafanana na hospitali, lakini hapa lilikuwa na maana ya nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Venice ilikuwa na nyumba nne kubwa za hisani za namna hiyo zilizofundisha wasichana muziki, na Pietà ndiyo iliyopokea watoto wachanga. Ukutani palikuwa na tundu maalumu. Mama aliyeshindwa kumlea mwanawe alimweka humo, akaenda zake. Wengine waliacha nusu ya medali au nusu ya karatasi, wakabaki na nusu ya pili, ili siku wakijaliwa kurudi waweze kuthibitisha kwamba mtoto ni wao. Wengi hawakurudi.

Wavulana walifundishwa ufundi, na wakifika umri wa ujana walitoka kwenda kujitegemea. Wasichana walibaki. Wengi walishona na kufanya kazi za nyumba, ila waliokuwa na kipaji waliingizwa katika kikundi cha muziki. Walijifunza kuimba, fidla, zeze kubwa la kukalia, filimbi na vinanda, na waliokomaa waliwafundisha wadogo. Siku za sikukuu na Jumapili watu walijaa kanisani mwao, pamoja na wageni wakubwa kutoka nchi za mbali. Wasichana walipiga wakiwa roshani, nyuma ya vyuma vya nakshi, hata wasikilizaji wasizione nyuso zao vizuri. Msichana aliyeolewa, kwa kawaida, aliahidi kwamba hatapiga tena hadharani.

Hawakuwa na majina ya ukoo. Waliitwa kwa jina la kwanza na chombo wanachopiga. Aliyejulikana kuliko wote aliitwa Anna Maria wa Fidla. Aliletwa akiwa mchanga mwishoni mwa karne ya 17, akalelewa humohumo, akajifunza kwa Vivaldi, na mwisho akawa mwalimu mkuu wa kikundi. Vivaldi alimwandikia muziki mgumu ambao hata leo wapigaji wazoefu hutokwa jasho nao. Daftari lake la noti bado limehifadhiwa Venice. Alifariki mwaka 1782, akiwa na miaka zaidi ya 80, katika nyumba ileile aliyoingizwa kupitia ukutani.

Wakuu wa nyumba hawakuwa wepesi. Kila mwaka walipiga kura kuamua kama walimu waendelee na kazi. Mwaka 1709 Vivaldi alishindwa kwa kura 7 dhidi ya 6, akaondoka. Mwaka 1711 walimrudisha. Baadaye, kuanzia 1723, walikubaliana awaandikie vipande viwili kila mwezi hata akiwa safarini, na katika miaka iliyofuata walimlipa kwa vipande 140.

Misimu Minne

Vipande hivyo huitwa koncheto. Mpigaji mmoja anasimama mbele na kundi zima liko nyuma yake. Kundi linasema neno, yeye anajibu, anaongeza mapambo, anakimbia, kisha kundi linamrudisha kwenye neno lile la kwanza. Aliyezoea kumsikia mwimbaji wa taarab akiitikiwa hatapotea hapo. Vivaldi aliandika koncheto kiasi cha 500, na zaidi ya 200 kati yake ni za fidla moja. Mwaka 1711 kitabu chake cha koncheto 12 kilichapishwa Amsterdam, Uholanzi, kikaenea Ulaya. Johann Sebastian Bach, kijana wakati huo huko Ujerumani, alizipata koncheto za Vivaldi, akazichambua na kuzigeuza ziweze kupigwa kwa kinanda. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Kazi yake inayopendwa zaidi ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725. Inaitwa Misimu Minne. Ni koncheto nne, na kila moja ina shairi linaloeleza kinachotokea ndani ya muziki. Katika majira ya kuchipua ndege wanaimba, mchungaji amelala, na mbwa wake anabweka, na kubweka kwenyewe kunapigwa na fidla nene kwa mapigo mawili mawili. Katika kiangazi joto linawalegeza watu na wanyama, nzi wanasumbua, kisha inakuja dhoruba ya mvua ya mawe inayoharibu mazao. Katika vuli wakulima wanasherehekea mavuno mpaka wanalewa na kusinzia. Katika baridi meno yanagongana, miguu inapigapiga chini ipate joto, na watu wanakwenda taratibu juu ya barafu wakiogopa kuteleza. Watoto wetu wanaokulia huku kwenye baridi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kufa ugenini

Vivaldi aliandika pia opera nyingi, akawa mwandishi na mfanyabiashara kwa pamoja. Alitafuta waimbaji, alipanga majumba na alibishana juu ya fedha. Faida ilikuja na hasara ilikuja. Mwaka 1737 askofu mkuu wa Ferrara, Kardinali Ruffo, alimkataza kuingia mjini kuendesha opera, kwa sababu ni padri asiyesoma misa na kwa sababu ya urafiki wake na mwimbaji Anna Girò. Vivaldi alikuwa ameshaweka fedha zake huko. Na huko Venice watu walikuwa wameanza kupenda mitindo mipya. Waliompigia makofi miaka 20 nyuma sasa walimwona wa kizamani.

Mwaka 1740, akiwa na miaka 62, aliiuzia Pietà koncheto 20, akafunga safari ya Vienna. Aliyekuwa na tamaa kwake ni Kaisari Charles wa Sita, aliyependa muziki wake. Oktoba mwaka huo Kaisari akafariki, na majumba ya michezo yakafungwa kwa maombolezo. Vivaldi akabaki katika mji wa watu, mzee, bila mfadhili. Alifariki tarehe 28 Julai 1741, katika nyumba ya mjane wa fundi wa matandiko ya farasi. Waliandika kwamba amekufa kwa kuungua ndani ya mwili, maneno ambayo wakati ule yaliweza kufunika magonjwa mengi. Alizikwa siku hiyohiyo kwa gharama ndogo. Makaburi yale hayapo tena, na mahali pake leo pana chuo kikuu.

Masanduku ya Turin

Mtu huyu aliyesifiwa na wafalme alisahaulika kabisa. Waliosoma habari za Bach ndio waliolikuta jina lake pembeni, kama mtu aliyemsaidia mkubwa.

Lakini Vivaldi alikuwa ametunza nakala zake mwenyewe za mkono. Baada ya kufa kwake zilinunuliwa, zikapita mikononi mwa matajiri, mwisho zikaangukia ukoo wa Durazzo wa Genoa, ambao waliurithishana na kuugawa kama urithi wowote. Mwaka 1926 mapadri wa shule moja katika jimbo la Piemonte walitaka kukarabati jengo lao. Walikuwa na masanduku ya vitabu vya muziki waliyoachiwa kwa wosia, wakauliza maktaba ya taifa ya Turin vina thamani gani. Aliyepewa kazi ya kuvitazama ni profesa Alberto Gentili. Kati ya vitabu 97, vitabu 14 vilikuwa vya Vivaldi, muziki ambao hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuusikia.

Maktaba haikuwa na fedha. Gentili akaogopa mkusanyiko usije ukatawanywa na wachuuzi. Akamwendea Roberto Foà, mtu wa biashara ya fedha, ambaye alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, Mauro. Foà alivinunua vyote akavitoa kwa maktaba, kwa jina la mwanawe. Kisha Gentili akagundua, kwa kuzitazama namba za vitabu, kwamba hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilipatikana Genoa kwa mrithi mwingine wa ukoo uleule, naye hakuwa tayari kuuza upesi. Mwaka 1930 ikanunuliwa na Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, Renzo. Mpaka leo sehemu hizo mbili zinaitwa kwa majina ya Mauro Foà na Renzo Giordano.

Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Gentili na Foà walikuwa Wayahudi. Profesa aliyeuokoa muziki ule akazuiwa kuendelea kuushughulikia. Wiki ya kwanza ya muziki wa Vivaldi ilifanyika Siena Septemba 1939, bila yeye kupewa heshima iliyomstahili.

Fidla ya zamani

Baada ya vita dunia nzima ikaanza kuupiga muziki huo, kwanza kwa fidla za kisasa na makundi makubwa. Kisha wakatokea wapigaji waliojiuliza wasichana wa Pietà waliupigaje hasa. Hao ndio tunaowaita wapigaji wa muziki wa baroki. Nyuzi za fidla zao ni za utumbo wa kondoo, ambazo hupoteza sauti yake sahihi hewa ikiwa na unyevu na hukatika wakati usiotakiwa. Upinde wao ni mwepesi, umepinda kwa nje. Hawatumii kile kibao cha kuegemeza kidevu, kwa kuwa kilibuniwa karne ya 19. Wanasoma vitabu vya walimu wa zamani, kama cha Geminiani cha 1751 na cha Leopold Mozart cha 1756. Mmoja wa wapigaji hao ni Fabio Biondi, mzaliwa wa Palermo, aliyeanzisha kundi la Europa Galante mwaka 1990. Ukiisikia dhoruba ya kiangazi kwa fidla hizo, inakwaruza na kuuma kama dhoruba yenyewe.

Wazazi, yapo majumbani mwetu masanduku ya namna ile: kanda za taarab za bibi, barua za babu, madaftari ya mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tusiyatupe kabla hatujamwonyesha mtu anayejua kuyasoma.

Kazi ya wiki hii: sikilizeni pamoja sehemu ya baridi ya Misimu Minne, ambayo haizidi dakika 10 kwa jumla. Kila mtoto aje Jumamosi na sentensi tano za Kiswahili akieleza alichokisikia. Wadogo wanaweza kuchora, kisha watueleze kwa mdomo.